Bastola Yenye Mkongojo

Sehemu ya Saba: Sikio la Mheshimiwa

Mlango wa gereji ulifunguka, na aliyesimama pale hakuwa Vendelín, wala polisi. Alikuwa Květa, mke wa ndoa wa mwenye gereji, na mkononi kashika ndoo ya viazi.

Mliokula yamini wiki nzima kwamba ni Vendelín, poleni sana. Mimi nilinyamaza tu.

Kwa mgeni wetu wa leo, habari ni fupi. Kila vuli vijiji viwili vya Moravia, Vrbčice ya Chini na Vrbčice ya Juu, hushindana kulenga shabaha kwa bastola, na mshindi huondoka na nguruwe. Aliyeshindwa humpakia mshindi kwenye toroli akamsukuma mpaka baa, mbele za watu. Mfalme wa shabaha ni mzee Otakar Zbořil wa Vrbčice ya Chini, dereva wa treni mstaafu. Ila tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka, na hajamwambia mtu.

Juzi akaazima kwa siri fremu ya plastiki yenye kitako. Bastola hupachikwa ndani yake, mtu akaiegemeza begani kama bunduki. Na fremu ya aina hiyo ndiyo aliyoicheka baa miaka yote! Mpinzani wake, Vendelín Šimčík wa Vrbčice ya Juu, huitumia, na Otakar ndiye aliyeibandika jina: mkongojo.

Sasa mkongojo uko begani kwa mfalme mwenyewe. Ndani yake hamna bastola, maana bastola yake imefungiwa kabatini klabuni. Kapachika kipande cha mti ili azoee, na anauelekeza kwenye chupa ya matango ya mkewe.

"Otakar."

"Usiingie, Květa!"

"Nimeshaingia."

"Basi toka!"

"Geuka nikuone."

"Siwezi kugeuka."

"Kwa nini huwezi?"

Mzee akasema kwa sauti ndogo, upande mmoja wa mdomo:

"Sharubu."

Lo! Kitako kile kina bawaba, hukunjwa na kukunjuliwa. Na sharubu za Otakar Zbořil si sharubu za kawaida. Ni zile za kupakwa nta na kuchanwa kila asubuhi, zinashuka mpaka kidevuni. Alipoweka shavu alenge, bawaba ikafunga, na sharubu ya kulia ikabaki ndani.

Květa akaweka ndoo chini. Akaketi juu ya matairi ya zamani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi nilidhani umeficha mwanamke humu!"

"Mwanamke gani atakaa gereji yenye baridi hivi?"

"Ndiyo maana nikaja na viazi. Nilikuwa nimpige navyo."

"Květa, nakuomba. Inauma."

Mama akaenda jikoni akarudi na mafuta ya nguruwe. Akapaka bawaba, akapaka sharubu, akavuta kidogo kidogo huku mzee akiita watakatifu wote anaowajua. Mwisho sharubu ikachomoka, imepungua nywele kadhaa lakini hai.

"Haya," Květa akasema akifuta mikono. "Chukua hilo dude lako, twende jikoni. Leo utanieleza."

Jikoni Květa alichukua mkongojo akauweka juu ya mizani yake ya unga. Alipikia shule ya watoto maisha yake yote, na kwake kitu ambacho hakijapimwa hakijulikani.

"Kilo na ushee! Na bastola bado haijaingia. Yaani mtu anabeba mfuko mzima wa unga ili atoboe karatasi?"

"Uzito nao ni faida. Bastola hairuki ikilia."

"Na faida nyingine?"

Otakar akasahau kwamba yuko kizimbani. Mtu ukimuuliza jambo analolipenda, atakuambia mpaka asiloulizwa.

"Ona. Bastola tupu unaishika kwa mikono miwili, basi, inaelea hewani. Hii inashikwa na mikono, inashikwa na bega, na shavu linalala hapa. Kwa hiyo mkono ukicheza, bega linautuliza."

"Mkono ukicheza?"

"Nasema tu. Mkono wa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, Květa! Mbona unanihoji kama polisi?"

Květa akamsogezea kikombe cha kahawa na sahani ya koláče, mikate mitamu ya jamu ya plamu. Otakar akakiangalia kikombe.

"Mbona nusu?"

"Nakujazia nusu tangu lini?"

Otakar akafikiri. Kahawa nusu. Supu nusu, kisha Květa humwongeza bila kuombwa. Hata bia ya Jumapili, humimina kidogo kidogo, na yeye alidhani ni ubahili.

"Unajua," akasema polepole.

"Nimekuwa mkeo tangu treni zikitumia makaa, nisijue? Nilikuwa nangoja uniambie. Nikangoja, nikangoja, mpaka leo nakukuta umenaswa na plastiki. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na bawaba."

Mzee Otakar akainamisha kichwa. Aliona haya, na pia aliona wepesi ambao hakuutegemea. Machozi yalimlenga, akajifanya anapenga kamasi.

"Daktari alisema ni mtetemo wa kurithi," akasema. "Baba alikuwa nao. Hautaniua, wala yeye hanizuii kulenga. Ila hautapungua."

"Basi tumshukuru Mungu. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni shindano la Jumamosi. Nimeshaamua, Květa. Nikishindwa kupiga mikono mitupu, naiuza bastola, naacha kabisa. Mfalme hatembei na mkongojo."

"Ukiacha, utakwenda wapi kila Jumanne na Jumamosi? Utakaa hapa unanichungulia sufuria?"

Tangu Otakar astaafu, uwanja wa shabaha ndio uliomtoa nyumbani. Pale ndipo walipo rafiki zake, pale ndipo anapotaniwa na kutania. Akiuacha, amebaki na dirisha na redio. Alijua hivyo, ndiyo maana halali.

"Kesho twende uwanjani," Květa akasema. "Tuupime uzuri wake na ubaya wake. Kisha uamue kwa ulichokiona, si kwa maneno yako mwenyewe ya baa."

"Twende? Wewe na nani?"

"Mimi na wewe, baba. Nivae nini?"

* * *

Kesho yake Radim Hošek, mwenyekiti wa klabu, aliwafungulia geti. Radim ni mchinjaji, mtu mpana mwenye sauti nyembamba. Ndiye aliyemwazima Otakar fremu, na alipomwona Květa akapauka.

"Mama Květa, mimi sikusema kitu kwa mtu!"

"Najua. Nyote mmenyamaza, nyumba nzima imejaa wanyamavu. Tuonyeshe."

Radim akaitoa bastola ya Otakar kabatini, akaipachika kwenye fremu. Tak! Ikakaa.

"Sikilizeni kwanza," akasema, kidole juu. "Ikishaingia humu, sheria haiioni tena kuwa ni bastola tu. Kibali kilichopo ni cha klabu, na mwisho wake ni geti lile. Nyumbani unapeleka plastiki tupu na kipande chako cha mti. Umenielewa, mzee Otakar?"

"Nimekuelewa."

"Mkono wa kushoto unashika mpini huu wa mbele, hapa tu, usiende mbele zaidi. Mbele yake kuna mdomo wa bastola. Mimi nauza soseji, sitaki vidole vya mtu ndani yake."

Wakaanza bila mkongojo. Otakar akasimama kwa mtindo wake wa siku zote, kifua mbele, pumzi ndani. Akapiga. Karatasi iliporudi, matundu yalikuwa yametapakaa kila pembe. Radim akatazama pembeni. Květa hakutazama pembeni.

"Na sasa na kitako."

Otakar akaegemeza begani, safari hii sharubu kazifunga nyuma ya sikio kwa kibanio cha nywele cha mkewe. Msicheke, ilifanya kazi. Mkono bado ulitetemeka, lakini bega lilikuwa limeshika na shavu limelala. Akapiga risasi idadi ile ile. Karatasi iliporudi, matundu yote yangefunikwa na kisahani cha kahawa.

Otakar akapiga kelele. Akamkumbatia Radim. Mwaka mzima hakuwahi kuona karatasi yake inafanana na karatasi zake za zamani.

"Nimerudi! Květa, umeona? Nimerudi!"

"Nimeona. Haya, na zile sahani?"

Hapo ndipo furaha ilipoingia mchanga. Maana shindano la nguruwe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni shabaha iliyochorwa, unasimama, unalenga taratibu. Ya pili ni sahani za chuma: silaha iko mezani, filimbi ikilia unaichukua, unazunguka ukuta wa mbao, unaziangusha sahani zote mbio mbio. Anayemaliza mapema ndiye bora.

Filimbi ikalia. Otakar akanyakua mkongojo, akauweka begani, akazunguka. Ngo! Kitako kikagonga nguzo ya ukuta. Akarudi nyuma, akaanza tena. Sahani ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaanguka, lakini kwa kugeukia upande wa pili ilibidi mwili mzima ugeuke pamoja na dude. Mkono ulichoka. Alipoimaliza ya mwisho, jasho lilimtoka.

"Ni taratibu mno," Radim akasema, akiangalia saa. "Vendelín kwenye sahani huwa hivyo hivyo, ndiyo maana hujawahi kushindwa naye. Mkongojo unamfaa anayesimama. Anayekimbia unamkwaza."

"Basi napiga karatasi na mkongojo, na sahani napiga bila."

"Mzee, sheria ni yako mwenyewe uliyoipigania mkutanoni. Unayoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo."

Otakar akatukana kwa Kicheki safi, tukaze mwendo.

"Na mimi nijaribu?" Květa akauliza.

Wanaume wakatazamana. Květa hajawahi kushika silaha maishani. Radim akamweka sawa, akamwonyesha mpini, akasimama nyuma yake. Květa akafunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili, akapiga. Akapiga tena. Karatasi ikarudi, na matundu yake hayakuwa mbali sana na ya mfalme.

"Kumbe rahisi!" mama akafurahi.

Uso wa Otakar ukabadilika.

"Umeona? Ndiyo maana nasema si uungwana! Mimi ujana wangu wote nimejifunza kushika pumzi, kutuliza kiwiko, kukibonyeza kifyatuo bila kukishtua. Na mpishi anakuja siku moja, anaegemeza plastiki begani, tuko sawa! Basi ufalme ni wa plastiki!"

"Umemaliza?"

"Bado! Kule baa watanicheka mpaka nife."

"Otakar, usoni umevaa nini?"

"Miwani."

"Bila hiyo unaiona ile karatasi?"

"Siioni hata ilipo."

"Mbona hujawahi kusema ufalme ni wa kioo?"

Radim akakohoa ili asicheke. Otakar akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Wakaelekea getini.

"Radim," Květa akamwambia mwenyekiti wakiaga, "huyu akipiga mikono mitupu Jumamosi?"

"Karatasi itamuumbua. Sahani atajitahidi."

"Na akipiga na mkongojo?"

"Karatasi ataimaliza. Sahani zitamla. Na maneno ya watu, hayo mimi sina mizani yake."

* * *

Jumamosi Vrbčice zote mbili zilihamia uwanjani. Bendi ilipuliza tarumbeta, supu ya kichwa ilichemka, slivovice, pombe kali ya plamu, ilikuwa imefungiwa ndani ya gari la Radim, maana hakuna glasi kabla silaha hazijarudi kabatini.

Wakamleta nguruwe. Kila mwaka hupewa jina, na mwaka huu aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu ya shingo yake na namna alivyotembea bila haraka.

Na desturi ndiyo hii. Kabla ya risasi ya kwanza, kila mpigaji humshika nguruwe sikio, hutaja kwa sauti silaha yake na jinsi atakavyoishika. Ukishasema ukiwa umeshika sikio, hurudi nyuma. Mfalme huanza.

Shabaha iliyochorwa ilikuwa zamu ya Vrbčice ya Juu kuichora. Wakafunua kitambaa. Wamechora nguruwe mnene, kavaa taji, na ana sharubu ndefu za nta. Uwanja ukalipuka kwa vicheko.

"Wamekupatia kweli kweli!" Vendelín akapiga kelele. Ni mzee mrefu, mwembamba, fundi wa saa, na yeye na Otakar wanachokozana tangu darasa la kwanza. "Ila nguruwe ni mzuri zaidi!"

"Na wewe uchorwe lini, Vendelín? Au karatasi haitoshi urefu na mkongojo wako?"

"Cheka tu! Leo leo utanisukuma kwenye toroli. Nimekula vizuri ili niwe mzito."

Wakacheka wote. Otakar naye akacheka. Hata pale, akimwendea Mheshimiwa, hakuwa ameamua. Akisema mikono mitupu, karatasi itamwaibisha, na ameapa kwamba atauza na kuacha. Akisema mkongojo, kila mzaha alioutoa baa utamrudia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Akalishika sikio.

Sikio likaanza kutetemeka. Mheshimiwa akainua kichwa, akadhani anakunwa, akafumba macho kwa raha. Watu wakacheka. Kisha waliokuwa mbele wakaona kwamba anayetetemeka si nguruwe. Kicheko kikafa safu kwa safu mpaka nyuma kabisa, hata tarumbeta ikanyamaza.

Otakar akamtafuta Květa kwa macho. Mama hakumpa ishara yoyote. Alisimama tu pale, kamwachia mwenyewe.

"Mmeona," mzee akasema. "Mkono wangu unatetemeka. Mwaka sasa. Niliona haya kusema. Miaka yote nimewacheka wenye kitako, nikamcheka zaidi Vendelín, na kumbe mdomo wangu ulikuwa unanichimbia shimo. Basi. Bastola yangu, yenye kitako begani. Nimesema nikiwa nimeshika sikio."

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa Vrbčice ya Juu akafuta macho na kitambaa cha kichwa.

"Vendelín Šimčík!" Radim akaita.

Vendelín hakusogea. Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini. Alimwangalia Otakar, akaliangalia sanduku lake, akamwangalia Otakar tena.

"Vendelín! Sikio linakungoja!"

Akaja polepole. Akalishika sikio la pili.

"Bastola yangu," akasema. "Mikono mitupu."

Uwanja ukaguna.

"Nini?" Otakar akaruka. "Mkongojo wako uko wapi?"

"Nimeuuza!"

"Umeuuza?"

"Kwa sababu yako, mzee mpumbavu wewe! Mkongojo, mkongojo, kila Ijumaa mkongojo! Mke wangu naye akaanza kuniita hivyo! Nimeshinda mwaka mzima nyuma ya zizi nafanya mazoezi mikono mitupu, nimepata baridi yabisi ya kiwiko, ili nije leo nikufunge mdomo. Na leo unakuja na mkongojo!"

"Ungeniambia!"

"Na wewe ungeniambia!"

Wakatazamana juu ya mgongo wa nguruwe. Otakar ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni, na Vendelín akajaribu kununa, akashindwa. Vijiji viwili vikacheka hadi Mheshimiwa akataka kuondoka.

* * *

Sasa tukimbie, maana najua mnataka risasi.

Shabaha iliyochorwa. Otakar akaegemeza, sharubu kwenye kibanio, akapiga. Nguruwe wa karatasi akapoteza taji, akapoteza sharubu, akapoteza pua. Vrbčice ya Chini wakarusha kofia. Vendelín akapiga kwa mikono mitupu. Si vibaya, ila kiwiko kilimsaliti mara mbili. Mfalme yuko mbele, tena mbele sana.

Sahani. Vendelín akatangulia. Filimbi! Na lile dude alilozoea kulibeba halipo, bwana we, mzee yule aliruka! Alizunguka ukuta kama kijana anayekimbizwa na baba wa msichana. Ting, ting, ting, zikalala zote. Vrbčice ya Juu wakapiga tarumbeta hovyo.

Zamu ya Otakar. Filimbi! Akanyakua, akaweka begani, akazunguka, na nguzo akaikwepa safari hii kwa sababu Květa alimfundisha kati ya meza na jiko la nyumbani, akitumia ufagio. Lakini alikuwa mzito. Sahani zilianguka zote, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa treni ya mizigo.

Radim akakaa na mahesabu. Akayarudia. Akamwita katibu wa Vrbčice ya Juu, naye akayarudia.

"Jamani," akasema kwa sauti yake nyembamba. "Wako sawa. Sawa kabisa. Mkongojo ulichompa kwenye karatasi, umekitoa kwenye sahani, chote."

Makelele! Tangu vita hakujawahi kutokea sare. Watu wakauliza, sasa inakuwaje? Ndipo katibu, ambaye baba yake na babu yake walikuwa makatibu, akanyoosha mkono.

"Sare ina desturi yake. Sahani mbili zinawekwa mbali, bega kwa bega, kila mtu na yake, risasi moja moja. Mfalme anaanza." Akauangalia mkongojo. "Na wanabadilishana silaha."

Msomaji, umeielewa? Vendelín anapokea kitako, ambacho amekitumia miaka na anakijua kama jiko la kwake. Otakar anapokea bastola tupu, mikono mitupu, kwa mkono unaotetemeka, shabaha ya mbali, risasi moja.

Vendelín akamsogelea Otakar, akamnong'oneza.

"Sikiliza. Nitasema kiwiko kimekataa. Nitajitoa. Unachukua nguruwe, hakuna atakayejua."

Otakar akamtazama. Huyu mtu alimwita nguruwe asubuhi hii, na sasa macho yamemlowa.

"Vendelín, tumetaniana miaka mingapi?"

"Sijui. Yote."

"Basi usinianzie huruma uzeeni. Nipe bastola."

"Květa kaninong'oneza kwamba ukikosa unauza, unaacha."

"Niliapa hivyo, ndiyo." Otakar akatazama uwanja, akatazama Květa aliyesimama na sahani ya koláče ambayo kasahau kuigawa. "Nimekifuta kiapo. Nikikosa nakusukuma mpaka baa, ukiwa umeshiba na mzito. Na Jumanne niko hapa na mkongojo wangu, nakupiga karatasi mpaka ulie. Siachi. Umesikia? Siachi hata mkono ukianguka."

Alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na Květa akasikia. Mama akampa sahani mtu wa jirani bila kuangalia ni nani, akafunika uso kwa viganja.

Otakar akaichukua bastola ya Vendelín. Ilikuwa nyepesi. Mkono ulitetemeka mbele ya vijiji viwili, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kuuficha. Akavuta pumzi, akaiachia nusu. Mdomo wa bastola ulizunguka sahani, ukapita juu, ukapita chini, ukapita kulia. Hakupigana nao. Akaungoja urudi.

Akabonyeza.

Sauti ikagonga vilima ikarudi. Kisha, kutoka mbali, ting!

Sahani ya Otakar ikainama, ikaanguka. Vrbčice ya Chini wakafungua midomo kushangilia.

Hawakushangilia. Kwa sababu sahani ya pili, ile ya Vendelín, ambayo hakuna mtu aliyeipiga bado, nayo ilitikisika, ikayumba, na ikalala chini kando ya mwenzake.

Risasi moja iligonga hii, kipande chake kikarukia ile: sahani mbili. Vendelín amesimama na mkongojo begani, risasi yake ndani, na hana cha kupiga.

"Radim!" akapaza sauti. "Mwenyekiti! Hapa nani anamsukuma nani?"

Radim akamtazama katibu. Katibu akamtazama Radim. Na nyuma yao, bila mtu yeyote kumwona, Mheshimiwa alikuwa ameshapita geti.